Uani kwa Mama Yared

Wiki ya saba tangu arudishwe nyumbani Kilosa, Yudith aliomba kwenda chooni peke yake, akakataliwa. Hakukataliwa kwa ukali. Mama yake aliweka chini ungo wa mchele, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Twende, hata mimi nilikuwa naelekea huko." Kisha akasimama nje ya mlango wa bati akiimba pambio la kanisani kwa sauti ya chini, na kila binti yake alipokawia, sauti ilipanda.

Ndivyo siku zilivyokwenda. Hakuna aliyemfunga kamba wala kumpigia kufuli. Lakini komeo la mlango wa chumba chake lilikuwa limeng'olewa, na kwenye ubao yalibaki matundu manne ya misumari. Visu vya jikoni vilihamia chini ya kitanda cha mama. Simu yake ilishinda kibandani kwa kaka yake, Yared, fundi simu wa karibu na stesheni. Jioni alipewa kwa muda mfupi, Yared akiwa amekaa pembeni akijifanya anasoma gazeti. Kulala, alilala na mama kitanda kimoja, mama upande wa mlangoni. Yudith akigeuka, mama naye anageuka.

Na lililomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Mtu akikuonea utamchukia, na chuki ina nguvu yake. Akikupenda hivi, utamshika wapi? Mama Yared alikuwa mjane aliyelea watoto wawili kwa meza ya mchele sokoni, na meza hiyo sasa alikuwa ameiacha kwa jirani ili akae nyumbani kumtazama binti yake akipumua.

Yudith alikuwa mwaka wa pili chuoni Morogoro, akisomea lishe. Maradhi yake hayakuanza siku moja. Mwaka wa kwanza tu alianza kukosa usingizi, kisha kukosa hamu ya kula, kisha kukosa sababu ya kutoka kitandani. Aliyemshika mkono wakati ule alikuwa mshauri wa wanafunzi, mwanamke mfupi aliyeitwa Bi Goodhope. Bi Goodhope aligundua kuwa wanafunzi wanaona haya kukaa kwenye benchi la ofisi yake, kila anayepita akijua wamefuata nini. Basi akafunga ofisi, akanunua filimbi, akabandika tangazo: mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa mpira, wote mnakaribishwa, hasa wanaoona hawawezi.

Walikuja tisa, kisha ishirini. Walikimbia, wakaruka kichura, wakanyooshana migongo. Kanuni ilikuwa moja tu: anayechoka ndiye anayepanga kasi. Mwishoni walikaa kwenye nyasi dakika kumi, kila mmoja akasema ameamkaje. Sentensi moja, mbili. Na hapo palikuwa na katazo: hakuna kushauri. Ukisema hukulala, hakuna wa kukuambia unywe maziwa au uombe sana. Watu wanakusikia, basi, anafuata mwingine. Mwaka mzima Yudith aliishi kwa dakika zile kumi.

Kisha ukaja msimu wa mvua, uwanja ukajaa maji, mitihani ikakaribia na kundi likatawanyika kwa wiki tano. Zile wiki tano zilimtosha. Mwezi wa tano Yared, akiwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani, alipokea ujumbe kutoka kwa mdogo wake: "Kaka, nimechoka. Mwambie mama asinisubiri." Hakufunga hata kibanda. Alifika Morogoro jioni ile, akamkuta Yudith kitandani hosteli, hajaoga siku tano, Magreth wa chumba kimoja naye akimnywesha uji kwa kijiko.

Hospitali walimpa vidonge. Daktari akasema, "Kwa siku hizi, asiachwe peke yake." Mama Yared aliyashika maneno yale kama andiko. Ila alilolishika ni "asiachwe peke yake." Lile la "siku hizi" halikumfikia.

Majirani waliokuja kutoa pole waliambiwa ni malaria iliyopanda kichwani. Mchungaji alikuja, akaomba vizuri, akanywa chai. Yudith aliitika amina, akarudi kwenye mkeka wake barazani, akatazama ua wa michongoma uliozunguka nyumba. Zamani aliona ua ule ni mfupi.

Siku moja, mama akiwa jikoni, alisimama chumbani akaanza kukimbia papo hapo. Polepole, miguu mitupu, kama walivyokuwa wakipasha mwili moto chuoni. Hakufika hata hatua thelathini. Mama aliingia mbio na mwiko mkononi, akamkumbatia kwa nguvu, akaanza kukemea kwa jina la Yesu.

"Mama, nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini, mwanangu? Wewe mgonjwa."

"Ndiyo maana."

Mama hakuelewa, na Yudith akaona kuelezea ni mzigo mkubwa kuliko kunyamaza. Akaketi.

Aliyefungua mlango kidogo alikuwa nesi wa kliniki, siku walipofuata vidonge. Alimtazama Yudith alivyovimba uso, akamuuliza mama, "Huyu anatoka jasho kweli? Anatembea?" Mama akasema anapumzika. Nesi akatikisa kichwa. "Mama, huyu anahitaji jasho. Na anahitaji wenzake." Mama Yared aliheshimu sana watu wa hospitali.

Jioni ile simu ya Yudith ilikuwa na ujumbe wa Seni, mmoja wa kundi. Seni alikuwa mtoto wa wafugaji, Wasukuma waliohamia Rudewa yeye akiwa mdogo. Alisomea kilimo, na wakati huu wa mafunzo kwa vitendo alipangiwa shamba la mbegu Kilangali. Aliandika kwamba Fausta na Optatus wa kundi hilo nao wako Mikumi kwa mafunzo, na kwamba kila Jumamosi yeye huwafuata wakafanya mazoezi pamoja, hata kama ni watatu tu. "Njoo," aliandika. "Tutakungoja hata ukichelewa."

Yudith aliomba siku tatu mfululizo. Siku ya tatu mama alisema, "Tutakwenda wote."

*

Walifika Mikumi saa tatu asubuhi, vumbi la barabara ya Kilosa likiwa limewajaa nyusi. Fausta aliwapokea kituoni. Alikuwa binti mrefu mwenye kucheka kwa mabega, akijifunza kazi za hoteli. Alipiga magoti kidogo, "Shikamoo mama," akapokea mkoba. Lakini alikuwa na habari isiyo nzuri: tembo wameingia tangu alfajiri kwenye uwanja wa shule ambako kundi hufanyia mazoezi, wako pembeni kwenye miti, na watu wa hifadhi wamesema mtu asisogee huko.

"Kwa hiyo?" aliuliza Yudith.

"Kwa hiyo tutafanyia gesti."

Gesti aliyopanga Fausta ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Ndani palikuwa na uwanja mdogo wa saruji, vyumba pande tatu, na upande wa nne ukuta mrefu uliochomekwa vipande vya chupa juu. Malori yalinguruma nje bila kukoma. Yudith aliutazama ukuta ule akataka kucheka. Ametoka kwenye ua wa michongoma, amesafiri kilomita zote hizi, amefika kwenye ukuta wa chupa.

Mama Yared aliketi kwenye benchi la barazani, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani.

Seni alikuwa ameshafika, mwembamba, mkimya, raba zimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Optatus alikuwa mnene, mpole, mwanafunzi wa uuguzi, na siku zote alikuwa wa mwisho. Hawakumuuliza Yudith hali yake wala hawakumkumbatia sana. Walisimama duara, wakamwachia nafasi yake ya zamani, kati ya Fausta na Optatus, wakaanza.

Dakika ya tatu pumzi zilimwisha. Mwili ulikuwa umelala wiki nyingi, vidonge vimeufanya mzito kama gunia lililolowa. Alipopunguza, wote walipunguza. Alipobaki anatembea tu, wote walitembea, wakizunguka kiwanja kile cha saruji watu wanne, wakipishana na ndoo na kamba za nguo, dereva mmoja wa lori akiwatazama huku anapiga mswaki. Mzunguko baada ya mzunguko. Jasho la kwanza lilipomtoka Yudith mgongoni, alilisikia likishuka taratibu, akatamani lisikauke.

Kisha wakaketi. "Leo nyasi zetu ni saruji," alisema Fausta. "Aanze nani?"

Optatus alianza. "Jumatano niliamka sitaki kuwepo. Nikafua mashuka yote, hata masafi. Nikampigia Fausta, tukakaa kwenye simu bila kuongea."

"Mimi jana nililia stoo ya mashuka," alisema Fausta. "Sijui nililia nini. Leo niko vizuri."

"Baba anataka niache chuo nirudi kwenye ng'ombe," alisema Seni. "Silali."

Wakamngoja Yudith bila kumtazama. Nyuma yake lilikuwa benchi, na kwenye benchi mama yake. Aliliona hilo, akasema hivyo hivyo, kwa sababu miezi mitatu ilikuwa imemjaa kooni.

"Mama akisinzia mchana mimi nafurahi. Halafu naona aibu kwa kufurahi. Tangu Mei sijapata hata dakika moja ya kuwa mimi."

Lori moja liliwashwa nje, likaondoka. Kisha wakasikia benchi likikwaruza sakafu.

"Yudi," alisema mama. "Chukua mkoba."

Fausta alinyanyuka haraka. "Mama, chai iko tayari."

"Ahsante, mwanangu. Tumeshiba." Mama Yared aliwatazama mmoja mmoja. "Kumbe hili ndilo kundi. Mimi nilidhani mnacheza michezo, mnachangamka kama vijana. Kumbe mnakaa mnaongea habari za kutokutaka kuwepo. Mtoto wangu aliondoka kwangu mzima. Mmekaa hapa mnaambukizana."

"Hatuambukizani, mama," alisema Optatus taratibu. "Tunaambiana."

Mama alimshika Yudith kifundo cha mkono, si kwa nguvu, lakini alimshika, wakatoka.

Kituoni gari la Kilosa lilikuwa halijajaa. Waliketi kwenye kivuli cha kibanda cha mkaanga chipsi, mama bado amemshika mkono. Kisha alisema, macho yakiwa barabarani:

"Unamkumbuka mjomba wako Gerald?"

"Simkumbuki. Nimemwona kwenye picha. Alikufa kwa homa."

"Hakufa kwa homa. Alikuwa chuo cha ualimu. Akarudi nyumbani kule milimani, amekonda, haongei. Baba akasema mwacheni apumzike. Nami nikasema mwacheni. Akaanza kucheka tena, akanisaidia kumenya mihogo, tukasema amepona. Tukamwacha. Siku ya tisa tukamkosa."

Yudith alimgeukia. Mama hakulia. Alikuwa amekaza uso kama mtu anayebeba maji kichwani.

"Kwa hiyo usiniambie habari za dakika moja," alisema. "Mimi najua dakika moja inaweza nini."

Hapo ndipo Yudith alipoona nyumba yao ilivyojengwa, tangu msingi. Siku zote alifikiri amefungwa na mama yake. Sasa aliona mama naye amo humo ndani, amefungwa zamani kuliko yeye. Angempa pole namna gani, na angeombaje hewa kwa mtu kama huyo?

*

Baada ya Mikumi simu haikurudi hata jioni. Mama alisema ni kwa muda. Yudith hakubishana. Alikula alichowekewa, kisha akawa anakula nusu, kisha anagusagusa. Alioga akiambiwa. Mchana alilala uso ukutani, na mama aliketi ukingoni mwa kitanda akimenya karanga, akimsimulia nani ameolewa na nani amehama, na Yudith aliyasikia maneno kama sauti ya redio ya nyumba ya pili. Vidonge alivimeza vyote, hakuacha hata kimoja. Vilimzuia asizame zaidi, lakini kumwinua havikuweza.

Mama aliona. Hakuwa mjinga, wala hakuwa kipofu. Alimtazama mtoto wake akififia mbele ya macho yake yaleyale aliyokuwa akimlinda nayo, na hakujua la kufanya ila kumlinda zaidi.

Jumamosi ya pili, asubuhi, baiskeli ilisimama nje ya ua. Seni alikuwa amelala kwao Rudewa ili awahi. Aliiegemeza baiskeli, akapiga hodi, akabaki hapohapo langoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama Yared alikuwa anapepeta. "Umefuata nini?"

Yared alitoka ndani, mswaki mdomoni, akamtazama mgeni. "Wewe si mtoto wa Maganga? Wa Rudewa?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Ng'ombe wenu walimaliza shamba la marehemu baba mwaka juzi. Mahindi yote. Ukapata wapi miguu ya kuja hapa?"

Seni hakujitetea. "Nalijua shamba lile. Baba yangu aliitwa kwa mwenyekiti, akakubali kosa. Mimi sikuja kwa habari ya ng'ombe." Akamgeukia mama. "Mama, nimekuja kuomba uwanja."

"Uwanja gani?"

"Huu wako. Kama Yudith hawezi kutoka, turuhusu sisi tuingie. Kiti chako utaweka unapotaka. Utatuona wote."

Mama aliendelea kupepeta. Pumba ziliruka. "Rudi kwenu, mwanangu," alisema mwishowe, bila ubaya. "Nilichosikia Mikumi kinanitosha."

Yared alirudi ndani. Seni hakuondoka. Alisimama kidogo, akafungua zipu ya jaketi, akalikunja juu ya kiti cha baiskeli, kisha palepale njiani, nje ya michongoma, akaanza kukimbia papo hapo.

Wapita njia walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja mwenye ndoo alisimama kabisa. Seni alikimbia akitazama mbele, ngumi zimekunjwa, raba zake zikigonga vumbi kwa kipimo kilekile: moja, mbili, moja, mbili. Chumbani Yudith aliisikia ile sauti kabla hajajua ni nini. Miguu yake iliijua kwanza. Alitoka barazani na kanga yake, akamwona kichwa tu juu ya ua, kinapanda na kushuka.

Alishuka uani. Mama aliinua macho. Yudith hakuomba ruhusa wala hakusogea langoni. Alisimama karibu na michongoma, upande wa ndani, akaanza naye. Alidumu kama dakika mbili, akachoka, akatembea papo hapo. Nje, miguu ya Seni nayo ikapunguza. Hawakuonana vizuri. Ungo wa mama ulikuwa umetulia mapajani.

Seni alirudi Jumamosi iliyofuata, na Fausta akiwa nyuma ya baiskeli. Ikawa vichwa viwili juu ya ua, na watazamaji wakaongezeka. Jumamosi ya tatu walikuwa watatu, Optatus akihema kama injini, na mama Yared akaenda langoni akavuta miti iliyozibia.

"Ingieni ndani," alisema. "Mtaa mzima unasema nawanyima maji wageni. Mnanitia aibu."

Waliingia, wakasalimia upya kama ndiyo kwanza wamefika. Fausta alitoa kamba ya kuruka kwenye mfuko. Mama aliiona, akanyoosha mkono.

"Kamba hapana."

Fausta aliiweka kiganjani mwake bila kuuliza. Mama akaipeleka chumbani, akarudi. "Na hapa kwangu hakuna kuongea habari za kufa."

Vijana walitazamana. Aliyejibu ni Seni. "Mama, tukitoka jasho tukaondoka, tumefanya mazoezi tu. Zile dakika kumi ndizo zinazotutibu. Ila ua ni wako. Kaa nasi. Ukisikia neno linalokushinda, tufukuze."

"Nikae?"

"Kwenye duara. Na anayekaa kwenye duara husema ameamkaje. Ndiyo kanuni."

Mama aliguna. Walifanya mazoezi kwenye vumbi la ua, kati ya jiko na kamba ya nguo, kuku wakikimbia huku na huku, Yared akiwa mlangoni amekunja mikono. Kisha wakaketi, na mama Yared akavuta kigoda chake akakaa nao, akiwa juu kidogo kuliko wote.

Optatus alisema wiki yake ilikuwa nzuri. Seni alisema baba bado hajasema neno. Yudith alisema, "Wiki hii nilikula mara mbili bila kuambiwa." Ikabaki zamu ya mama. Alinyoosha kanga magotini.

"Mimi," alisema, "sijalala tangu Mei."

Akangoja. Alingoja waseme pole, waseme Mungu ni mwema, waseme mama na wewe upumzike. Kuku mmoja alipita katikati ya duara. Hakuna aliyesema chochote.

"Hamna la kuniambia?" aliuliza, sauti imepanda.

"Tumekusikia, mama," alisema Fausta.

Mama Yared aliwatazama, akataka kukasirika. Kisha uso ule uliokazwa miaka yote ukaachia upande mmoja, kama mzigo uliotelezea begani, akajifunika kanga usoni. Yudith hakunyanyuka kumbembeleza. Ilimgharimu sana kutonyanyuka. Alimwacha mama yake alie akiwa amezungukwa na watu, na hakuna aliyemzuia. Pale mlangoni Yared alitazama chini, akarudi ndani polepole, na baadaye akaleta chai kwa vikombe vyote vya nyumba, akaanza na mtoto wa Maganga.

Hakupona mtu siku ile. Mama aliendelea kulala upande wa mlangoni. Lakini Jumamosi zikawa za watu. Katikati ya wiki Yudith alikimbia uani peke yake, mama akiwa kwenye kigoda anahesabu mizunguko kwa karanga. Siku nyingine mama alisahau kuhesabu kwa sababu alikuwa amesinzia, mdomo wazi, na Yudith akaendelea kuzunguka kwa kunyata asimwamshe. Safari hii hakuona aibu.

Mwishoni mwa Septemba ilikuwa Jumamosi yao ya mwisho, maana mafunzo yalikuwa yanakwisha na wenzake wanarudi Morogoro kuwasilisha ripoti zao. Jirani aliyeshika meza ya mchele alituma ujumbe kwamba anaumwa, na Yared hakuwepo. Mama Yared alisimama katikati ya ua na kikapu mkononi. Akatoka langoni, akarudi kuchukua kitambaa. Akatoka tena, akarudi kuuliza kama sufuria iko jikoni. Mara ya tatu alisema, bila kumtazama mtu, "Nitachukua nusu saa." Akaenda.

Yudith alisikia ua mzima umekuwa mkubwa. Miezi mitano alikuwa ameomba nafasi hii, na sasa hakujua aiweke wapi. Ilimjia kwamba alikuwa amezoea kushikiliwa na yale macho kama mgonjwa anavyozoea mkongojo.

"Naogopa," aliwaambia wenzake watatu.

Hakuna aliyemwambia usiogope. Walisimama duara, wakangoja. Yeye ndiye aliyechoka, yeye ndiye wa kupanga kasi. Akaanza kutembea papo hapo, polepole kabisa, nao wakaanza, nyayo nane kwenye vumbi, na hofu haikuondoka ila ilianza kwenda na hatua.

Walikuwa wameketi tayari waliposikia vishindo nje. Mama Yared aliingia langoni mbio, kikapu kitupu, kiatu kimoja mkononi, jasho likimtiririka mpaka shingoni. Hakuwa amemaliza hata robo saa. Alikuwa amekimbia njia nzima kutoka sokoni, mwanamke wa miaka hamsini na nane, mbele ya waumini wenzake na wateja wake wote.

Alimtazama Yudith. Yudith alikuwa amekaa chini, amekunja miguu, mzima, kikombe cha maji mkononi.

Mama alitaka kusema kitu, pumzi ikakataa. Optatus alisogea, akapangusa vumbi kwa kiganja, akamwachia nafasi. Mama akaketi chini kabisa, bila kigoda, akihema, akakichukua kile kikombe mkononi mwa binti yake akanywa chote.

"Chuo kinafunguliwa lini?" aliuliza alipoweza.

"Mwezi wa kumi na moja, tarehe tatu," alisema Yudith.

Mama alifuta kidevu. "Sijasema utakwenda."

"Najua, mama."

"Nauliza tu," alisema mama, akawageukia wengine, bado anahema. "Haya. Nani hajasema ameamkaje?"